Siri ya dakika 45: kisa kutoka wodi ya vijana

Saa 1:10 usiku kijana wa miaka 15 aliniambia jambo, akaniomba nisimwambie mtu, nami nikamjibu: "Sawa mdogo wangu, ni siri yetu." Ilipofika saa 1:55 nilikuwa nimeshamwambia nesi wa zamu. Kisa ninachokieleza hapa kiko ndani ya dakika hizo 45 na siku nane zilizofuata. Nimebadilisha mambo kadhaa ya familia ili kijana asitambulike. Kosa langu sikulibadilisha.

Nafanya kazi katika wodi ya vijana wenye matatizo ya afya ya akili, jimbo la Ohio, Marekani. Cheo kilicho kwenye kitambulisho changu, kwa Kiswahili cha ofisini, ni fundi sanifu wa tabia. Wodini tunaitwa matek. Tusichanganywe na wale wanaowafundisha watoto wenye usonji, ambao husoma saa 40 na kufanya mtihani kabla ya kupewa cheti. Sisi wa wodini wengi tumeingia na cheti cha sekondari, mafunzo mafupi, na somo la kutuliza mtu aliyepandwa na jazba ambalo tunalirudia kila mwaka. Daktari humwona kijana dakika chache asubuhi. Nesi ana dawa, simu na makaratasi. Anayekaa naye mezani akila, anayesubiri nje ya mlango wa bafu, anayemkuta analia saa 8 usiku, ni tek. Nikiwaambia ndugu zangu Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, kwamba niko wodi ya akili, wao husikia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, na swali lao la kwanza ni kama wagonjwa wananipiga. Nimepigwa, lakini mara chache. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutazama na kuandika.

Kila kijana ana karatasi yenye visanduku, kimoja kwa kila dakika 15, mchana na usiku. Unapita, unamwona kwa macho yako mwenyewe, unaandika yuko wapi na anafanya nini, unatia saini. Usiku unaingia na tochi, unaielekeza ukutani isimpige usoni, unasimama mpaka uone shuka linapanda na kushuka. Mara tatu. Tek mpya akija namwambia ahesabu pumzi tatu, kwa sababu pumzi moja macho yaliyochoka yanaweza kukuonyesha hata kama haipo.

Kijana alitufikia Jumatatu usiku, baada ya kulala siku mbili idara ya dharura kwenye kitanda cha korido akisubiri nafasi. Hali hiyo imekuwa ya kawaida. Oktoba 2021 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na wenzao wa magonjwa ya akili ya watoto na chama cha hospitali za watoto, walitangaza kwamba afya ya akili ya watoto ni dharura ya kitaifa. Utafiti wa serikali kwa wanafunzi wa sekondari mwaka huohuo ulikuta asilimia 22 walikuwa wamefikiria kwa dhati kujiua ndani ya mwaka uliotangulia. Vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo, na mtoto anayesubiri koridoni huona na kusikia mambo ambayo mtoto aliye katika hali yake asingepaswa kuyaona.

Wazazi wake ni Wakongo wa Fizi, Kivu Kusini. Yeye alizaliwa kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa mwaka 1996 huko kwetu Kasulu, akaja Marekani akiwa na miaka saba. Ni mtoto wa kwanza kati ya watano. Alikuwa amejaribu kujiua. Njia aliyotumia sitaitaja. Usiku ule tulimwondolea kamba za viatu na kamba ya kofia ya sweta, tukazitia kwenye mfuko wa plastiki wenye jina lake, tukampa soksi zenye mpira chini.

Mama yake alihojiwa kupitia mkalimani wa kwenye tableti. Sauti ilikuwa inakatika. Kuna maswali tunayomuuliza kila anayeingia, na mojawapo ni kama amewahi kutamani alale asiamke tena. Kijana alilijibu mwenyewe kwa Kiingereza, hapana, huku anatazama soksi zake. Mama alipoulizwa kama mwanawe aliwahi kujaribu kabla ya hapo, akasema: "Hapana. Mtoto wangu hana tabia hiyo." Ikaandikwa hapana. Akawekwa kwenye uangalizi wa kila dakika 15, kama wengine.

Mimi niliingia kazini Jumanne saa 9 alasiri. Wenzangu walinipokea kwa furaha: kuna kijana hajasema neno tangu jana, labda wewe utamweza. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kupata mgonjwa wa Kiswahili. Nilimkuta ameketi peke yake, karata mkononi, hazichezi. Nikamwambia, "Mambo?" Akainua kichwa haraka kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni.

"Poa. Dada, wewe wa wapi?"

"Kasulu."

"Kasulu!" Akacheka. "Mimi wa Nyarugusu."

Tulicheza karata mpaka chakula cha jioni. Tulizungumza juu ya migebuka ya kukaanga, juu ya vumbi jekundu linalokaa kwenye kucha wiki nzima hata ukisugua, juu ya bibi yake aliyebaki kambini. Alikula sahani yote. Nesi alinipungia mkono kupitia kioo. Nilifurahi, na furaha ile ilikuwa ya kweli, ila nikitazama nyuma naona ndipo nilipoanza kuteleza. Nilikuwa nimeshasahau ubao wa karatasi uliokuwa chini ya kiwiko changu.

Saa 1:10 usiku akaniambia, macho kwenye karata: "Dada, ile siyo mara ya kwanza. Na nikitoka hapa nitarudia, najua na siku. Usimwambie mtu. Mama akijua atakufa."

Nikamjibu lile nililolitaja juu.

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kukisema kazini. Kwa Kiingereza nisingelisema. Kwa Kiingereza nina sentensi yangu, niliyoikariri mpaka inatoka yenyewe: nitasikiliza kila kitu, lakini linalohusu uhai wako lazima nilifikishe kwa timu. Nimeisema kwa vijana wengi, hata kwa wale waliokuwa wananitukana. Kwa Kiswahili sikuwa nayo. Kwa Kiswahili nilikuwa na mdomo wa dada tu, na nyumbani mdogo wako akikunong'oneza jambo humjibu kwa masharti. Unamfunika. Lugha iliyomfungua yeye ilinivua mimi kazi yangu, na hakuna mafunzo niliyopewa yaliyowahi kuligusa hilo. Wakubwa wetu huona mfanyakazi anayesema lugha ya mgonjwa kama bahati tu.

Kisha vikaja visanduku. Saa 1:15 niliandika: sebuleni, anacheza karata na mhudumu, mtulivu. Saa 1:30 niliandika hivyohivyo. Saa 1:45 alikuwa amekwenda kusafisha meno. Nikaandika: bafuni, anaitika akiitwa. Saini zangu tatu. Kila neno lilikuwa kweli, na ukiyasoma yote pamoja ni uongo, kwa sababu katika wodi nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kijana anayesafisha meno ana siku aliyoipanga. Kama ningeshikwa na kizunguzungu nikapelekwa nyumbani, karatasi ile ingemwambia tek wa usiku kwamba hakuna la kutia wasiwasi.

Baada ya kisanduku cha tatu nilikwenda kwenye dirisha la manesi nikasema yote, pamoja na ahadi niliyoitoa. Nesi wa zamu hakunigombeza. Alinyanyua simu huku ananisikiliza. Ndani ya muda mfupi daktari aliagiza uangalizi wa mmoja kwa mmoja: mtu mmoja asiye na kazi nyingine, umbali wa kunyoosha mkono, hata chooni.

Hapo likatokea kosa la pili, na hili lilikuwa la sisi sote. Mwenzangu alipelekwa mlangoni kwa kijana kabla mimi sijarudi kumwambia nilichofanya. Tulikuwa na haraka ya usalama na haraka hiyo ilikuwa na sababu yake. Lakini kijana alitoka bafuni akakuta mwanamume mkubwa ameweka kiti mlangoni kwake, akanitafuta kwa macho, akaelewa.

Alianza na kiti, akakisukuma kikagonga ukuta. Kisha ngumi kwenye mlango. Alikuwa anapiga kelele kwa Kiswahili, na kwa watu wasiojua maneno, Kiswahili kinachopigiwa kelele kinatisha. Tangazo likapita kwenye spika, wakaja watu watano kutoka wodi za jirani, wamevaa glavu. Mmoja aliniuliza, anasema atatuua? Nikamwambia: anasema tusimguse.

Nieleze kidogo kwa nini neno hilo ni zito. Mwaka 1998 gazeti la Hartford Courant la jimbo la Connecticut lilichapisha uchunguzi uliohesabu vifo 142 vya wagonjwa waliokufa wakiwa wameshikwa kwa nguvu au kufungiwa vyumbani katika miaka kumi, na wengi mno kati yao, ukilinganisha na idadi yao wodini, walikuwa watoto. Baada ya hapo sheria zilikaza. Leo agizo la kumshika kijana wa miaka 9 hadi 17 haliwezi kuzidi saa 2 bila kuandikwa upya, na lazima aonwe ana kwa ana na mtaalamu ndani ya saa 1. Nimewahi kushiriki kumshika mtoto. Tulifuata kila hatua, hakuumia, na bado naijua sauti aliyotoa. Sitaki kuisikia tena bila sababu isiyoepukika.

Nesi aliamua vizuri: watu watano warudi hadi kona, mtu mmoja tu aseme, na anayesema awe mimi. Nilitaka kukataa, kwani mimi ndiye niliyemkasirisha. Nesi akasema, ndiyo maana.

Nilisimama pembeni kidogo, nisimzibe mlango, viganja wazi, hatua kama nne kutoka kwake. Sikumwambia atulie, sijaona aliyetulia kwa kuambiwa atulie. Nikamwambia: "Nimesema. Nimemwambia nesi. Nilipokwambia ni siri yetu nilikudanganya, kwa sababu siri ya namna ile siruhusiwi kuiweka, na nilijua." Akanitukana. Tusi lenyewe lilikuwa la kwetu kabisa, la Kigoma. Nikanyamaza. Akasema, "Wewe ni kama wale wote." Nikasema, "Una haki ya kukasirika. Mlango ukikuumiza mkono nitaleta barafu." Nikanyamaza tena. Sehemu kubwa ya kazi hii, mtu akiirekodi, ataona watu wamesimama tu. Ilichukua dakika 20 na zaidi mpaka akateleza chini kwa mgongo wa ukuta akakaa sakafuni. Nami nikakaa sakafuni, palepale nilipokuwa. Hakuna aliyemgusa. Vidole vyake viwili vilikuwa vimevimba, nikaleta barafu nikaisukuma kwa mguu sakafuni mpaka ikamfikia.

Siku ya pili hakunisemesha. Ya tatu vilevile. Nilipita kila dakika 15 kila nilipokuwa zamu, nikasema jina lake na saa.

Mama alikuja Jumatano wakati wa kutazama wagonjwa. Nilimwendea kwa heshima zote: "Shikamoo, mama." Akachelewa kidogo kuitika. "Marahaba. Wewe si Mkongo." Nikasema kwa uchangamfu kwamba mimi ni Mtanzania wa Kasulu, jirani zake kabisa. Akavuta mkoba wake kutoka kwenye kiti akaupakata. Tangu hapo nikapata ndiyo na hapana tu.

Kilichokuwa ndani ya mkoba ule, kwa maana ya moyoni, kilitoka Ijumaa kwenye kikao cha familia. Mkalimani alichelewa, na ofisa ustawi wa jamii akaniomba nishike nafasi yake tusipoteze saa. Nilikataa, na naamini nilikuwa sahihi. Kusema lugha si kujua ukalimani. Zaidi ya hapo nilikuwa mhusika wa kisa: mtu ambaye mama anamwogopa na mtoto amemkasirikia hawezi kubeba maneno yao bila kuyamwaga njiani. Tulisubiri dakika 25, akapatikana mama mmoja kwa simu, Mkongo, sauti ya taratibu.

Kupitia kwake tulisikia mambo mawili ambayo hayakuwa kwenye faili. La kwanza: kwa mama, Kasulu ni pale mumewe alipolala rumande kwa kukutwa nje ya kambi bila kibali. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inawabana wakimbizi kwenye maeneo waliyopangiwa, na anayetaka kutoka lazima apate ruhusa. Mimi nilikulia upande wa pili wa kibali hicho, nikinunua unga kwa watu wa kambi, na sikuwahi kufikiri jina la kwetu linaweza kuwa jina la mahabusu. La pili: alijua kwamba huko anayejaribu kujiua hushtakiwa. Ni kweli, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema hivyo. Kwa hiyo mwanawe alipojaribu mara ya kwanza, miezi kadhaa nyuma, alifunga mlango, akamwita mchungaji, mtoto akaombewa siku tatu, na hakuna aliyepiga simu popote. Aliogopa polisi kumchukua mkubwa na serikali kuwachukua wadogo. Ile "hapana" ya usiku wa kwanza tuliiandika kama jibu la kitabibu. Ilikuwa mama anayewalinda watoto watano.

Daktari alimweleza kwamba hapa mtoto hashtakiwi kwa kuugua. Alimweleza mara mbili, na mara ya pili mama akaanza kulia.

Ndipo kijana, aliyekuwa kimya, akamgeukia mama yake na kusema jambo ambalo lilinifanya niweke kalamu chini. Mshauri nasaha wa shule alikuwa amempigia mama simu wiki mbili kabla, akiwa na wasiwasi. Mama hajui Kiingereza. Aliyetafsiri ni kijana mwenyewe. Mshauri alisema mwanao anaandika mambo ya kutisha; kijana akamwambia mama: mwalimu anasema naendelea vizuri. Mama alimshukuru mshauri, akakata simu, akampikia wali.

Alikuwa mkalimani wa nyumba tangu ana miaka tisa: kliniki, kodi ya nyumba, barua za shule, vipimo vya ujauzito wa mama yake. Kanuni za kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya Marekani zinakataza hospitali kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura, na wengi huidhani ni urasimu. Simu ile ndiyo sababu ya kanuni hiyo. Tulikuwa na mtoto anayebeba maneno ya watu wazima wote, na siku ambayo maneno yalikuwa juu yake mwenyewe hapakuwa na mwingine wa kuyabeba.

Jumamosi alikubali kufanya nami mpango wa usalama, au tuseme alikubali niwe chumbani akiufanya na mtaalamu wa tiba. Ni karatasi ya hatua sita, iliyotungwa na Barbara Stanley na Gregory Brown: dalili zako za hatari, unachoweza kufanya peke yako, watu na mahali pa kukutoa mawazo, wa kuwaomba msaada, wataalamu, na kuondoa nyumbani vitu vya hatari. Vijana wengi hujaza hatua ya kwanza kwa neno "huzuni" wakaendelea. Yeye alishika penseli ile fupi tunayoiruhusu, akaandika kwa Kiswahili: "Nikianza kusema niko sawa kabla sijaulizwa." Mtaalamu akaomba ifasiriwe, mkalimani wa simu akafasiri, na tukakaa kidogo bila kusema kitu.

Kwenye hatua ya tano waliandika 988, namba ya dharura ya afya ya akili iliyoanza nchi nzima Julai 2022. Mama aliogopa kwamba akipiga atashindwa kujieleza. Tukamfundisha neno moja tu la kusema mtu akipokea: "Swahili", kisha asubiri mkalimani aunganishwe. Alilirudia mezani mara kadhaa, simu ikiwa imezimwa. Kijana akamrekebisha matamshi, halafu akaacha, akasema, "Vyovyote vile, Mama, watakuelewa."

Juu ya ahadi yangu tulizungumza mara moja tu, Jumapili. Alisema, "Ungeniambia kwanza kwamba utasema." Nikamuuliza kama angenieleza. Alifikiri. "Labda siku nyingine. Lakini ningekuwa nimekuambia mimi mwenyewe." Sikuwa na la kujitetea, na sina hata sasa. Sentensi ninayo siku hizi kwa Kiswahili, nimeiandika nyuma ya kitambulisho: "Mdogo wangu, nitakusikiliza. Ila lenye hatari nitalifikisha, na nikilifikisha utakuwa wa kwanza kujua." Niliisema kwa sauti nikiwa peke yangu garini mpaka ikaacha kusikika kama tangazo la hospitali. Vilevile nesi wetu amebadilisha utaratibu wa uangalizi wa mmoja kwa mmoja: kiti hakiwekwi mlangoni kabla kijana hajaambiwa sababu, na aliyepewa habari ndiye anayemwambia.

Aliruhusiwa Jumatano iliyofuata, akiwa na miadi ya mtaalamu ndani ya siku saba, kwa sababu siku za kwanza baada ya kutoka ni za hatari kubwa. Mkalimani alikuwa ameshapangwa kwa kila miadi, na shule imearifiwa isimpigie tena mama bila mkalimani. Mchungaji naye alikuwemo kwenye orodha ya hatua ya nne; mama aliomba hivyo na kijana hakukataa.

Nilimletea mfuko wake wa plastiki. Alikaa kwenye benchi la mapokezi akiingiza kamba kwenye tundu za viatu, moja moja, bila haraka. Mama alisimama kando yangu anamtazama. Tulikuwa Oktoba, baridi imeanza.

"Kasulu," akasema bila kunigeukia, "sasa hivi mvua zimeanza?"

"Zimeanza, mama. Wanapanda maharage."

"Na sisi kambini tulikuwa tunapanda," akasema.

Kijana akafunga fundo la pili, akasimama.

"Shikamoo, dada," akaniambia, ingawa alikuwa anaondoka.

"Marahaba."

Saa 5:15 asubuhi. Kwenye kisanduku chake cha mwisho niliandika: mapokezi, na mama yake, amevaa viatu.